Siku Fredi Alipowakaribisha Wageni Pampu Yake

Siku hiyo Fredi hakumngoja jogoo. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, naye alikuwa ameshanyunyiza maji na kufagia uwanja mzima wa nyumba ya marehemu mama yake pale Mwakiro. Alifagia hata njia ya majirani ambao hawakumwomba. Kisha akasimama mlangoni mwa chumba alimolala dada yake, amevaa koti jipya juu ya fulana ya kulalia, meno yote nje.

"Dada Jeska! Amka! Watu wanakuja!"

"Watu gani, Fredi? Hata jua halijafika."

"Litafika. Leo tunamaliza kumlilia Mama. Leo Baba Yakobo anasema kama narudi nyumbani."

Jeska akajifunika blanketi hadi usoni. Hakuwa na usingizi. Moyo wake ulikuwa unaruka kama wa mtoto anayengoja Krismasi, na hakutaka mdogo wake auone, maana angeanza kupiga vigelegele na kuamsha kilima kizima.

Ilikuwa siku ya kuganduka. Mwaka ukizunguka tangu mazishi, ukoo hukutana kuondoa msiba. Watu husali, hula, hunywa, na mwishowe mkubwa wa ukoo husimama kutangaza jinsi mambo ya marehemu yatakavyokwenda. Baada ya hapo ni ruhusa kucheka kwa sauti, kuoa, kujenga. Mama Paskazia, Mungu amlaze pema, alikuwa ameacha vitu vichache: nyumba ya matofali ya udongo, mbuzi, shamba la migomba na Fredi.

Fredi alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, lakini Mungu alimuumba na akili inayotembea polepole. Hesabu ilimwishia kwenye vidole vya mkono mmoja. Hata hivyo hakusahau sura ya mtu, wala jina la mbuzi, wala wimbo wa kanisani aliousikia mara moja. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, upande wa Kasulu, na amani iliporudi naye akarudi pamoja na mama na dada yake kwenye ardhi ya marehemu baba yao. Nyumba ile waliijenga wenyewe. Hakuna tofali lililopanda ukutani bila kupita kichwani mwa Fredi.

Na alikuwa na pumu. Tangu utotoni kifua kilimbana, na kwa miaka yote hiyo aliyeshika dawa alikuwa mama. Mama alibonyeza pampu ya dawa, Fredi akavuta. Mama alikuwa mkono, Fredi alikuwa kifua. Kwa hiyo homa ilipomchukua mama ghafla, watu walilia vilio viwili kwa pamoja.

"Huyu hawezi kukaa hapa peke yake," alisema Yakobo, baba yao mdogo, siku ileile ya mazishi. "Kaka yangu, baba yenu, alikufa kwa kifua hikihiki, mikononi mwangu, tukiwa njiani kwenda kutafuta daktari. Siziki kifua cha pili."

Hakuna aliyembishia. Yakobo hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mtu aliyeona alichokiona yeye hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Jeska akamchukua Fredi hadi Gitega, alikokuwa akishona sare za wanafunzi karibu na soko.

Mji mkuu ulimfurahisha Fredi kwa wiki chache. Aliwasalimu madereva wa pikipiki mmojammoja, akawasalimu na wakubwa waliotoka wizarani wakiwa wanakimbilia magari yao. Kisha furaha ikaanza kupungua. Kila asubuhi akauliza swali lilelile: "Mbuzi wangu wanakula nini?" Alikuwa akikaa mlangoni mwa duka la cherehani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja gari lisilokuja. Jeska alipoona hata kuimba ameacha, akapiga simu Mwakiro.

Yakobo akamjibu: "Siku ya kuganduka nimwone kwa macho yangu. Ajitibu mwenyewe, bila mkono wa mtu. Akiweza, nyumba ni yake, nami nitakuwa mlinzi wake. Asipoweza, tutaifunga nyumba na yeye atarudi kwako moja kwa moja."

Basi ndipo kazi ilipoanza.

Katika kituo kimoja cha afya pale Gitega alikuwepo muuguzi anayeitwa Fatouma, mama mnene mwenye kicheko cha kuvunja vyombo. Siku ya kwanza alimpa Fredi pampu ya bluu, aone atafanya nini nayo. Fredi akaitikisa vizuri, akainua mkono, akajipulizia kwapani.

"Kaka Fredi! Hayo si manukato!"

"Dada anafanya hivi Jumapili," Fredi akajibu, na Jeska akatamani ardhi immeze.

Fatouma alipomaliza kucheka akachukua chupa tupu ya maji, ile ya plastiki, akapasha waya moto na kutoboa tundu kwenye kitako, tundu la kukaza mdomo wa pampu barabara. "Sikiliza, Jeska. Pampu peke yake inataka haraka. Ubonyeze na uvute kwa wakati mmoja. Kaka Fredi hana haraka. Dawa itaingia humu kwenye chupa imsubiri."

Wakaanza. Vua kofia ya pampu. Tikisa. Toa pumzi. Bana mdomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza. Vuta polepole, toa polepole, kunja kidole. Vuta, toa, kunja kingine, mpaka ngumi ifunge. Kisha sali Baba Yetu moja bila kukimbia, na urudie. Pampu ya kahawia ilikuwa ya asubuhi na jioni, hata kama hujisikii mgonjwa, nayo ilikaa ndani ya kikombe pamoja na mswaki ili kinywa kisukutuliwe baada yake. Ya bluu ilikuwa ya mfukoni, ya wakati wa shida.

"Na shida utaijuaje?" Fatouma aliuliza.

Fredi akaweka kiganja kifuani. "Kuna paka humu ndani. Anaanza kukoroma."

"Ukimsikia paka, usingoje apande shingoni. Na akikataa kulala baada ya dawa?"

"Naita mtu. Kwa nguvu."

Jeska akafundisha kila siku kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule, kwa sababu ukibadilisha kitu kimoja Fredi alianza upya yote. Kuna siku alilia kwa uchovu, akasali kwa uchungu: Bwana, uliwapa samaki uwezo wa kupumua majini, mpe huyu pumzi moja tu. Halafu, asubuhi moja, alitoka kuteka maji, akarudi, akamkuta Fredi ameketi kitandani na ngumi imefunga, anamaliza Baba Yetu yake. Hakuna aliyemwambia. Jeska akaweka ndoo chini na kucheza ngoma peke yake pale mlangoni, mpaka wapangaji wenzake wakatoka kutazama.

Ndiyo maana asubuhi ya kuganduka hakuweza kulala.

Ibada iliisha jua likiwa juu. Uwanja ulijaa. Kulikuwa na ukoo wote, na majirani, na marafiki wa marehemu kutoka mjini Muyinga, akiwemo Zuberi, mshonaji wa makoti, Mwislamu mwenye maneno mengi, pamoja na mkewe Zuena. Zuberi ndiye aliyeshona koti jipya la Fredi, na aliwaonyesha watu mishono yake kana kwamba Fredi ni dirisha la duka. Wanawake waligawa maharage na ndizi. Mtungi mkubwa wa pombe ya mtama ukawekwa katikati ya wanaume, na mirija ikaanza kuzunguka.

Mrija una sheria zake. Mwenye pombe huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba hakuna sumu. Kisha humpa aliye jirani yake, naye humpa wa pili. Kuukataa mrija ni kumtukana mwenyeji, na kunywa peke yako huku watu wanakutazama ni tabia ya mchawi. Watoto wote wa Mwakiro hufundishwa hivyo, na Mama Paskazia alimfundisha wake hata kule kambini, ambako hapakuwa na mtungi wala mtama.

Leo Fredi alikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Kwa mara ya kwanza alipewa kiti katika duara la wanaume. Mrija ulipomfikia aliupokea kwa mikono miwili na kuupitisha, kwa kuwa pombe hakunywa. Ukazunguka tena, akaupitisha tena. Akajipapasa. Mwenyeji gani huyu asiye na kitu chake cha kuwapa watu?

Jeska alikuwa jikoni akipakua aliposikia kicheko kikubwa, kisha kimya, kisha kicheko kingine. Akachungulia.

Fredi alikuwa amesimama katikati ya duara, chupa mkononi, pampu ya bluu imechomekwa kitakoni. Alikuwa ameshaonja kwanza mwenyewe, kama inavyotakiwa, na sasa alikuwa amemwinamia mzee Venansi, jirani wa ng'ambo ya bonde.

"Siyo hivyo, Mzee. Toa pumzi kwanza. Yote. Haya bana mdomo. Nabonyeza. Vuta polepole, kunja kidole."

Venansi akavuta, macho yamemtoka. "Baridi kama mvua ya mawe!" Akampitishia wa pili. Wa pili akavuta, akampa wa tatu. Chupa ikamfikia Zuberi, ambaye mtungi hakuugusa tangu asubuhi, alikuwa na Fanta yake.

"We Fredi, mi nakuuliza. Hii iko na pombe ndani?"

"Hapana."

"Haki?"

"Haki ya Mungu."

"Basi leta. Mi sikatai kitu ya halali."

Akavuta mara mbili kwa ukarimu wa mwenyeji. Haukupita muda, Fanta ikaanza kutetemeka mkononi mwake. "Zuena! Zuena, kuja! Moyo yangu inapiga ngoma!"

"Ingekuwa inapiga hivyo kwangu, tungekuwa tumefika mbali," Zuena akajibu kutoka upande wa wanawake, na uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Yakobo hakucheka. Alikuwa ametoka kumsindikiza katekista, akafika wakati pampu inatoa mkoromo mkavu wa kitu kilichokwisha. Akamwita Jeska pembeni.

"Mwanangu, umeona mwenyewe."

"Baba, umesikia alivyowafundisha? Hatua zote, hakukosea hata moja! Wanaume wazima wamejifunza kwake!"

"Wamejifunza, na dawa kidogo iliyokuwa imebaki imekwisha. Kesho kifua kikimbana atavuta nini? Mrija?" Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Jeska zaidi. "Nitasema nitakayosema watu wakikusanyika. Usinichukie."

Jeska akamshika Fredi mkono, akampeleka nyuma ya jiko.

"Nani alikuambia uwape watu dawa yako?"

"Mama."

"Mama?"

"Mama alisema mwenye nyumba hanywi peke yake." Fredi alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyesifiwa na kugombezwa kwa jambo lilelile. "Nimekosa wapi, Dada?"

Mule chumbani Gitega waliishi wawili tu. Hapakuwa na mgeni wa kukaribishwa, wala duara, wala mtungi. Walifundisha kofia, wakafundisha vidole, wakafundisha sala, ila hili halikumjia yeyote akilini. Na sasa amwambieje? Kwamba mama alikosea? Mama aliyelala pale juu ya shamba, ambaye neno lake lilikuwa kitu cha mwisho alichomwachia mwanawe?

"Niachieni mimi," ikasema sauti. Ilikuwa ya Christina, mjane wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimenya ndizi na kusikia kila kitu. "Fredi, mwanangu, njoo. Mwenye nyumba huwapa wageni nini?"

"Pombe. Chakula. Kiti."

"Na kitanda?"

"Kitanda pia."

"Na mkewe?"

Fredi akaruka nyuma. "Hapana! Mke hapana! Ni dhambi!"

"Enhee. Sasa hiyo pampu."

"Ni mke?"

"Ni kama mke. Ni wako peke yako. Jirani humwazimi, mgeni humpi, hata akulilie machozi."

Fredi akaitazama ile pampu tupu kwa heshima mpya. Kisha uso ukafunguka. "Mama Christina, mimi nina mke!"

"Unaye, ndiyo."

"Anaitwa nani?"

"Usinichoshe, bwana. Nenda."

Jeska akacheka huku machozi yanamtoka. Akafungua mkoba wake, akatoa pampu mpya aliyokuwa ameiweka akiba, akaitia katika mfuko wa koti la Fredi pamoja na chupa. Hakusema kitu kingine. Kilichobaki hakikuwa mikononi mwake, kilikuwa mikononi mwa Mungu.

Nyimbo zikaanza. Fredi akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akaingia uwanjani kucheza. Alicheza kwa mwaka mzima ambao hakucheza. Vumbi likapanda. Na hapohapo mtu akamwaga maji kwenye moto wa kupikia, moshi mzito ukavuka uwanja.

Fredi akasimama. Kiganja kikaenda kifuani.

"Paka," alisema.

Wimbo ukakatika vipande vipande. Yakobo alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, amekunja mikono, uso umebadilika rangi. Jeska akainuka, lakini kitenge chake kikavutwa kwa nyuma.

"Kaa," Christina akanong'ona.

"Mama, niache, anabanwa."

"Kaa nimesema. Mkono wako ndio utakaomnyima nyumba. Akiita, mimi ndiye nitakayekutangulia."

Fredi akatoka kwenye moshi kwanza, akaenda upande upepo unakotokea. Akatafuta mfuko wa suruali, mtupu. Akatafuta wa pili. Kifua kilianza kupiga filimbi hata waliokuwa mbali wakasikia. Jeska aliuma kidole chake. Fredi akageuka, akaliona koti, akalifuata, akatoa chupa, akatoa pampu, akaisukuma kwenye tundu. Haikuingia. Akaigeuza, akaitazama.

"Kofia," akajigombeza, akaivua.

Akatikisa. Kisha akainua pampu juu na kubonyeza hewani, pwii, dawa ikapotelea angani. "Ameimwaga!" mtu mmoja akasikitika. Jeska akatamani kupiga kelele: hajaimwaga, ni mpya, na mpya hujaribiwa hewani kwanza, hivyo ndivyo Fatouma alivyosema mara moja tu, miezi mingi iliyopita!

Fredi akaketi juu ya gogo, akainama mbele kidogo, akatoa pumzi. Akabana chupa, akabonyeza. Kidole cha kwanza. Kidole cha pili. Ngumi ikafunga. Akafumba macho, midomo ikaanza kucheza, na watu wakatambua kwamba anasali. Wanawake wakaifuata sala kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, hata alipofika mwisho "Amina" ikatoka uwanja mzima. Akatikisa tena, akabonyeza tena. Vidole vikakunjwa tena. Hakuna aliyekohoa.

Polepole mabega yakashuka. Filimbi ikafifia. Fredi akainua uso wenye jasho.

"Amelala," akatangaza.

Zuberi hakuweza kuvumilia kimya kile. Akasogea, mkono mmoja kifuani. "Fredi ndugu yangu, na mi kifua inauma. Leta kidogo tu."

Fredi akaificha pampu ndani ya shati. "We Zuberi! Una mke wako Zuena! Nenda kwako!"

Kicheko kilichofuata kiliwatisha mbuzi zizini. Zuena alikaa chini kabisa. Wenye mirija wakaiangusha. Katikati ya zogo hilo Jeska alimtazama Yakobo, na Yakobo alikuwa amevua kofia yake, anajifuta nayo macho, anajaribu kuonekana kama anapangusa jasho.

Akasogea mbele. Watu wakanyamaza.

"Ndugu zangu, na ninyi marafiki. Mwaka jana tulimzika Paskazia. Kabla yake nilimzika kaka yangu, na tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anakohoa mimi natetemeka. Kwa hiyo nilitaka kuifunga nyumba hii." Akavaa tena kofia yake. "Haifungwi. Mwenye nyumba yupo, mmemwona. Christina atapita kila asubuhi aone ile pampu ya kahawia imetoka kikombeni. Jeska atatuletea dawa nyingine kabla hii haijaisha. Moto wa kupikia utahamia nje ya uwanja huu, na uzio wa kuzuia moshi nitaujenga mimi. Na mtu yeyote nitakayemkuta amevuta dawa ya mwanangu, awe mlevi au awe na Fanta, atanilipa mbuzi!"

Vigelegele vikapasuka. Fredi alikuwa bado ameketi juu ya gogo, anawatazama watu mmoja mmoja. "Nyumba yangu?" aliuliza. "Baba Yakobo, nyumba yangu?"

"Yako."

Akataka kuruka, akakumbuka kifua, akaketi tena, akapiga makofi kwa nguvu zake zote palepale kwenye gogo.

Jioni, wageni walipokuwa wakitawanyika kwa pikipiki na kwa miguu, Jeska aliingia ndani kukusanya vitu vyake. Mwaka mzima alikuwa ameomba jambo hili, na sasa lilikuwa limetimia, na chumba chake cha Gitega kilimjia akilini kikiwa kitupu. Akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, akamwambia mama pia, kwa sababu hakujua kumshukuru mmoja bila mwingine.

Fredi akaingia na mkeka kwapani, mtu mwenye shughuli nyingi.

"Dada, wewe utalala kwenye kitanda cha Mama. Mimi nitalala hapa. Umeshakula?"

"Nimekula."

"Kula tena. Na kesho unaondoka saa ngapi?"

"Unanifukuza, Fredi?"

"Hapana!" Fredi alishangaa kwamba mtu mzima hajui mambo haya. "Nataka kujua nikuchemshie maji ya kuoga saa ngapi. Wewe ni mgeni wangu."